Vifuu, pumba, magunzi na mashudu ya mlonge: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kusafisha maji kwa mabaki ya mimea

Ukurasa huu ni wa mafundi maji, vikundi vya batiki, wanafunzi wa sayansi na kaya zinazotaka kujua kama takataka za shambani zinaweza kweli kuondoa sumu, rangi na tope kwenye maji. Zinaweza, lakini si kila taka kwa kila kichafuzi. Wengi hukosea hapo, na anayekosea kwenye maji ya kunywa huwanywesha watoto wake kosa hilo.

Ni mabaki gani yanayofaa?

Vifuu vya nazi ndivyo bora kwa kutengeneza mkaa wa kuchuja: ni vigumu, vina majivu machache, na mkaa wake hausagiki ovyo maji yakipita. Ukanda mzima wa pwani unavyo. Bara yapo magunzi, maganda ya karanga, maganda ya kahawa na vumbi la mbao. Pumba za mpunga zimejaa Mbarali, Kyela, Shinyanga na Mwea ya Kenya, ila zina silika (madini kama ya mchanga) nyingi: zikiungua kabisa hubaki majivu kama moja ya tano ya uzito wake, kwa hiyo mkaa wake ni mwepesi na dhaifu. Makumbi ya nazi na makapi ya mkonge hutumika zaidi yakiwa mabichi, bila kuchomwa, kwa kunasa metali.

Maganda ya korosho yaache. Mafuta yake huunguza ngozi, na moshi wake ukiyachoma kienyeji ni mkali kwa macho na mapafu.

Taka inawezaje kunasa sumu?

Kuna njia mbili, na usipozitenganisha utapoteza muda.

Mabaki mabichi yana selulosi, lignini na pektini, ambazo kwenye maji ya kawaida hubeba chaji hasi. Metali kama risasi, kadimiamu na shaba huwa na chaji chanya, hivyo hushikwa na kubadilishana nafasi na kalisi au potasiamu iliyokuwemo kwenye ganda.

Mkaa hufanya kazi kwa njia nyingine. Moto unapofukuza gesi na lami, huacha matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Molekuli za kikaboni, yaani viuatilifu, rangi, harufu na ladha mbaya, hung'ang'ania kuta za matundu hayo. Gramu moja ya mkaa hai wa viwandani (mkaa uliotibiwa zaidi, umeelezwa mbele) huwa na eneo la ndani la mita za mraba 800 hadi 1,200. Molekuli hizo hazimezwi ndani kama sponji inavyomeza maji. Zinanata juu ya uso. Ndiyo maana uso ukishajaa, mkaa umekwisha kazi hata kama kwa macho unaonekana mpya.

Nini hakiondoki?

Chumvi haiondoki. Kisima cha pwani chenye maji ya chumvi hakitabadilika kwa mkaa wowote. Naitreti vilevile haiondoki kwa kiasi cha maana.

Floridi ndilo swali zito zaidi kwa watu wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, na ng'ambo ya mpaka kwa watu wa Nakuru. Mkaa wa mimea hauifai kazi hiyo. Kilichofanya kazi huko kwa miaka mingi ni mkaa wa mifupa, kwa sababu madini ya fosfeti ya kalisi yaliyomo mfupani ndiyo yanayoshika floridi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimejulikana kwa kazi hiyo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtu akikuuzia chujio la vifuu akisema linaondoa floridi, mwambie alete majibu ya maabara ya maji kabla na baada ya kuchujwa.

Aseniki nayo inahitaji mkaa uliopakwa chuma. Mkaa mtupu hautoshi.

Je, vijidudu vinakufa?

Havifi. Chujio la mkaa huwapa bakteria mahali pazuri pa kuishi. Maji yakishachujwa, yachemshe, au yawekee klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, au yaanike juani ndani ya chupa angavu za plastiki kwa saa 6 jua likiwa kali, siku mbili kukiwa na mawingu. Klorini iwekwe baada ya mkaa. Ukiiweka kabla, mkaa utaila yote, nawe utabaki na maji yasiyo na kinga.

Lazima nipime maji kwanza?

Kama ni ya kunywa na unashuku metali au dawa za kuulia wadudu, lazima. Risasi haina rangi, ladha wala harufu, na kiwango chake cha juu kinachoshauriwa ni miligramu 0.01 tu kwa lita. Tanzania zipo maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji mikoani, na ipo Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Usichukue sampuli na chupa ya soda kisha ukaipeleka wiki ijayo. Omba chupa ya maabara: ya metali ni ya plastiki na huwekewa tindikali kidogo ili metali zisigande ukutani, ya viuatilifu ni ya kioo.

Mkaa wa jikoni hautoshi?

Mara nyingi hautoshi. Mkaa wa tanuri la kienyeji huchomwa kwa joto lisilo sawa: kipande kimoja kimeiva, kingine kina lami ndani. Lami hiyo huziba matundu na kuingia kwenye maji. Isitoshe, hujui mti gani umechomwa wala gunia lilibebea nini.

Mkaa uliochomwa vizuri kwa nyuzi 600 za Selsiasi na zaidi hunasa rangi na harufu kwa kiasi kizuri. "Mkaa hai" ni hatua ya pili: mkaa hupitishiwa mvuke kwenye nyuzi 800 hadi 900, au mabaki huloweshwa asidi ya fosfori kwa uzito sawa, hupumzishwa usiku mzima, huchomwa kwa nyuzi 450 hadi 500 kwa saa moja, kisha huoshwa mpaka pH (kipimo cha ukali wa maji: chini ya 7 ni tindikali, juu ya 7 ni kama magadi) ifike 6 au 7. Njia hizo zinataka tanuri lenye kipimajoto na mahali pa kutibu tindikali. Zifanyike maabara, si uani.

Nitachomaje vifuu mwenyewe?

Unahitaji pipa la chuma la lita 200 lisilowahi kubeba dawa wala mafuta machafu, pipa dogo au debe lenye mfuniko linaloingia ndani yake kwa nafasi, na kuni kavu.

1. Anika vifuu siku tatu hadi tano. Ondoa makumbi na mabaki ya nyama ya nazi. Vunja vipande vya ukubwa wa nusu kiganja.
2. Toboa matundu sita hadi kumi ya milimita 5 chini ya debe la ndani. Gesi itatokea hapo na kuungua kwenye moto wa nje, hivyo moto utajilisha wenyewe. Usizibe debe kabisa bila tundu: linaweza kupasuka.
3. Toboa matundu ya upana wa vidole viwili kuzunguka chini ya pipa kubwa ili hewa iingie.
4. Jaza debe vifuu, funika, liweke juu ya mawe matatu ndani ya pipa, kisha zungushia kuni pande zote na juu.
5. Washa kwa juu. Moshi mzito mweupe wa mwanzo ni mvuke na gesi zisizoungua. Baadaye utaona ndimi za moto chini ya debe.
6. Ndimi hizo zikizimika zenyewe, gesi imekwisha. Endelea kuchochea dakika 30 nyingine. Ndizo zinazofukuza lami iliyobaki, na ndizo watu wanazokatisha kwa kuchoka.
7. Ziba matundu yote kwa udongo wa mfinyanzi na acha mpaka kesho yake. Mkaa wa moto ukikutana na hewa huwaka upya.

Fanya kazi hii nje, upepo ukikupa mgongo. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na inaua.

Kilo 100 za vifuu vikavu hutoa mkaa wa kilo 25 hadi 30. Ukipata nyingi zaidi, usifurahi: haujaiva.

Nitajuaje kama umeiva?

Dondosha kipande sakafuni: mkaa wa kifuu ulioiva hulia kama kigae au chuma, mbichi hutoa sauti ya kijiti. Kisha sugua kipande mkononi na unawe kwa maji matupu. Weusi ukitoka bila sabuni, ni mzuri. Mkono ukibaki na utelezi wa mafuta, kuna lami, urudishe motoni.

Nitatengenezaje chujio?

Twanga mkaa kwenye kinu, usiwe unga. Chekecha kwa wavu wa matundu ya milimita 2, kisha chekecha kilichopita kwa wavu wa mbu wa dirishani. Kinachobaki juu ya wavu wa mbu ndicho unachokitaka. Unga uliopita utunze kwa kazi ya batiki, iliyoelezwa mbele.

Osha punje kwenye ndoo, ukimwaga maji meusi, mara nane hadi kumi. Majivu hufanya maji ya mwanzo kuwa na pH ya 9 au 10. Endelea mpaka ishuke chini ya 8.5.

Chukua bomba la plastiki la inchi 4, urefu wa mita 1. Chini weka wavu, kokoto safi sentimita 5 na mchanga mkubwa sentimita 5. Mimina mkaa ukiwa umelowa, sentimita 80, huku ukigongagonga bomba ili usiache mapengo. Hapo una karibu lita 6.5 za mkaa, kilo tatu na ushee. Maji yaingie chini yatokee juu: hewa haitakwama katikati, na maji hayatajitafutia mkondo mmoja.

Kinachosahaulika ni muda. Maji yanahitaji kukaa na mkaa takriban dakika 15. Lita 6.5 kwa dakika 15 ni kama lita 26 kwa saa, yaani ndoo ya lita 20 ijae kwa dakika 45 hivi. Ndoo ikijaa kwa dakika 10, maji yamepita tu. Punguza koki.

Maji ya tope yasiingie hapa hata siku moja. Yatuamishe na kuyapitisha kwenye mchanga kwanza. Tope huziba matundu, na mkaa ulioujenga kwa siku tatu huharibika kwa siku moja.

Maji yanatoka meusi, au yananuka. Kwa nini?

Meusi siku ya kwanza ni vumbi la mkaa ambalo halikuoshwa. Mwaga lita 50 za mwanzo. Yakiendelea kuwa meusi wiki ya pili, mkaa unasagika: ulitumia magunzi au pumba badala ya vifuu, au mwendo wa maji ni wa kasi. Maji ya kahawia yenye harufu ya moshi ni dalili ya lami, na hapo hakuna kuosha, choma upya. Harufu ya mayai yaliyooza inatokea chujio likikaa siku kadhaa na maji yaliyosimama. Mwaga, suuza kwa maji yanayochemka, na usiliache tena likiwa limejaa bila kutumika.

Nibadilishe mkaa lini?

Hakuna idadi ya miezi inayofaa kila mahali, kwa kuwa majani yaliyooza kwenye maji ya mto hula nafasi ileile inayotakiwa na sumu. Toboa bomba katikati na uweke koki ndogo ya sampuli. Kichafuzi kikianza kuonekana kwenye koki ya katikati, bado una nusu ya mkaa. Badilisha hapo, usisubiri kionekane mwisho. Kwa rangi na harufu, macho na pua vinatosha. Kwa metali na viuatilifu, ni maabara tu.

Mashudu ya mlonge yanafanya nini?

Hayo ni ya tope. Mbegu za mlonge zina protini yenye chaji chanya, na udongo unaoelea majini una chaji hasi. Vinashikana, vinakuwa mabonge, vinazama. Wanawake wa Sudan kando ya Nile walitumia mbegu hizi kabla maabara hazijaeleza sababu. Protini hiyo huyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta, kwa hiyo mashudu yanayobaki baada ya kukamua mafuta bila joto bado yanafanya kazi, na aghalabu hutupwa.

Kwa mbegu zilizomenywa, ndoo ya lita 20 inataka mbegu 5 kama maji yana ukungu kidogo, 10 kama yana tope la wastani, 20 kama ni mazito, na hadi 40 kwa maji ya mafuriko. Kwa mashudu anza na gramu 2 kwa ndoo, kisha panda. Saga unga laini, uchanganye na kikombe cha maji safi, tikisa dakika 5, chuja kwa kitambaa, mimina maziwa yake kwenye ndoo. Koroga kwa kasi dakika 1, kisha polepole dakika 5 hadi 10. Funika, acha saa 1 hadi 2 bila kuigusa.

Ukikoroga kwa nguvu muda wote, mabonge yanavunjika. Ukizidisha dozi, maji yanabaki na ukungu, kwa kuwa chembe zote zimevikwa chaji chanya na sasa zinasukumana. Na maji haya yasilale zaidi ya saa 24: mabaki ya mbegu ni chakula cha bakteria. Kama mlonge hakuna, shabu hufanya kazi hiyohiyo.

Kikundi chetu kinatengeneza batiki. Maji ya rangi tuyafanyeje?

Hapa mabaki ya mimea yana faida kubwa, na mito na mitaro yetu inayahitaji. Ila fuateni mpangilio.

Maji ya batiki ya kostiki soda na haidrosi (kemikali inayoyeyusha rangi) yana pH ya 12 au zaidi. Kwanza yaingizeni hewa: yamimineni kutoka ndoo hadi ndoo mara nyingi, kisha yaacheni wazi mpaka kesho yake. Rangi za aina hii zikikutana na hewa hurudi kuwa chembe zisizoyeyuka na kuzama chini kama tope, kwa hiyo sehemu kubwa inaondoka bila mkaa wowote. Ndipo punguzeni makali kwa siki au asidi ya limao mpaka pH 7. Msitie asidi kabla haidrosi haijakwisha nguvu: itatoa gesi ya salfa dioksidi inayokaba koo. Fanyieni kazi hiyo nje, mkiwa na glavu na miwani.

Maji ya juu sasa yatieni unga wa mkaa. Kiasi mtakipata kwa chupa tano za lita moja: wekeni gramu 2, 5, 10, 20 na 40, tikiseni mara kwa mara kwa saa moja, acheni zituame, kisha zipangeni mbele ya karatasi nyeupe. Chagueni dozi ndogo kuliko zote iliyotoa maji angavu.

Mbona utafiti wa chuo unaonyesha ganda la ndizi linaondoa rangi kwa asilimia 95, lakini kwetu halifanyi kitu?

Angalia rangi waliyotumia. Mara nyingi ni methilini bluu, yenye chaji chanya, ambayo karibu kila ganda huishika. Rangi nyingi za nguo zina chaji hasi, na ganda bichi lina chaji hasi, zinasukumana. Rangi hizo zinahitaji mkaa, au maji yenye asidi zaidi.

Angalia pia mkusanyiko. Uwezo hukokotolewa hivi: tofauti ya miligramu kwa lita, mara lita za maji, gawanya kwa gramu za ganda. Lita 1 iliyoshuka kutoka miligramu 10 hadi 2 kwa gramu 2 za ganda inatoa miligramu 4 kwa gramu. Lakini uwezo uliopimwa kwenye maji ya miligramu 200 hauwezi kutarajiwa kwenye kisima chenye miligramu 0.05. Kadiri sumu inavyopungua majini, ndivyo ganda linavyoshika kidogo. Wanafunzi, pimeni kwenye maji halisi ya mahali, yenye kalisi na uchafu wake wote, si kwenye maji yaliyokenekwa peke yake.

Na metali nzito?

Risasi, shaba na kadimiamu hushikwa vizuri pH ikiwa 5 hadi 6. Kwenye maji ya tindikali kali, haidrojeni huchukua nafasi zote. pH ikipanda sana, metali huganda yenyewe na kuzama, na mtafiti asiyeangalia husifia ganda kwa kazi iliyofanywa na chokaa.

Kromiamu ya aina hatari, ya sita, ni kinyume: vumbi la mbao huifanyia kazi kwenye pH 2 hadi 3, likiigeuza kuwa ya tatu. Kisha lazima pH ipandishwe hadi 8 kwa chokaa ili hiyo ya tatu izame. Atakayeishia hatua ya kwanza ameibadilisha jina tu. Kromiamu bado imo majini.

Maji ya betri za magari si ya kujaribia nyumbani. Kwa karakana, chokaa huanza, tope hutuamishwa, na mabaki ya mimea huja mwisho kuondoa kilichosalia.

Maganda mabichi yanatia maji rangi ya chai. Nizuieje?

Hizo ni tanini na sukari. Osha kwa maji ya moto mara tatu, kisha loweka saa 2 kwenye kostiki soda gramu 4 kwa lita, suuza mpaka pH irudi 7, anika. Kostiki pia hufungua nafasi zaidi za kushika metali. Hata hivyo, maganda mabichi yatumike kwa maji taka. Kwa kunywa tumia mkaa.

Magugu maji ya Ziwa Victoria yanafaa?

Mizizi iliyokaushwa na kusagwa hushika metali vizuri. Tatizo ni kwamba huenda imeshashika metali za ziwani ikiwa hai. Ipime kabla ya kuitumia, na isiwe mbolea ya mboga bila kupimwa.

Nitupe wapi mkaa au ganda lililojaa sumu?

Sumu haikupotea, imehama kutoka majini kuja mkononi mwako. Mkaa ulionasa rangi au viuatilifu uchomwe kwenye tanuri la joto kali lenye hewa ya kutosha, kamwe usiwe wa kupikia. Ulionasa metali usichomwe wala usiwekwe bustanini: ukaushe, uufunge kwenye chombo cha plastiki kisichovuja, uandike kilichomo na tarehe, kisha uulize mamlaka ya mazingira ya eneo lako utaratibu wa taka hatarishi. Kuosha ganda kwa tindikali ili litumike tena kunawezekana, ila kila uoshaji huzalisha tindikali yenye metali ambayo nayo inahitaji pa kutupwa.

Naweza kununua kaboni iliyotumika migodini?

Usinunue. Kaboni inayonasa dhahabu Geita na Kahama kwa kawaida hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, na ni mkaa hai mzuri kabisa ukiwa mpya. Uliotumika umekaa kwenye sayanidi, na kama mchanga ulipitia zebaki kabla, umeibeba pia. Kuuosha kwa maji, kuuchemsha au kuuanika juani hakuiondoi zebaki hiyo. Ukipelekewa gunia la bei rahisi lisilo na jina la kiwanda wala tarehe, likatae.